Maji ni ya Wote, na Tope Nalo ni la Nani?



Wapenzi wasomaji, tumepokea barua kutoka kwa mama mmoja wa upande wa Ozi, karibu na mdomo wa Mto Tana. Marehemu baba yake aliacha shamba la mpunga, na warithi waliobaki ni watatu: yeye na kaka zake wawili wanaofanya kazi Mombasa. Kila mwaka kabla ya kupanda, mfereji unaoleta maji shambani sharti uzibuliwe. Mama huyu na wanawake wenzake huingia kwenye tope hadi magotini, wakatoa matope kwa sepetu na karai, siku kumi au zaidi. Kaka zake hawaji, wala hawatumi kitu. Mpunga ukivunwa, simu hulia kuuliza magunia yatasafirishwa lini. Swali lake ni fupi: je, kazi hii ni juu yake peke yake kwa kuwa ndiye aliye karibu na mfereji?

Hatutamjibu kwa neno moja, kwani suala lake si lake peke yake. Familia nyingi zinazosoma ukurasa huu zina shamba kijijini ambalo mwenye kulihudumia ni mama, shangazi au dada, na walio mjini hulikumbuka wakati wa mavuno. Tena suala lenyewe halifahamiki mpaka tufahamu kwanza mfereji wa maji ya kupwa na kujaa unavyoishi na unavyokufa.

Wasomaji wetu wa mjini huenda wakashangaa kusikia kuwa bahari inaweza kunywesha mpunga. Mpunga hauwezi chumvi, hilo ni kweli. Lakini Mto Tana, ambao una urefu wa kilomita 1,000 hivi, huteremka na maji matamu hadi Kipini kwenye Ghuba ya Ungwana. Bahari inapojaa, maji yake huingia mdomoni na kuyazuia maji ya mto yasitoke. Maji matamu yakikosa njia hurudi nyuma, hupanda, na hatimaye humiminika ndani ya mifereji iliyochimbwa kandokando ya mto. Mkulima hahitaji ndoo wala pampu. Bahari ndiyo inayomsukumia maji ya mto hadi shambani, kisha inapokupwa, maji yaliyozidi hutoka kwa njia ile ile yaliyoingilia.

Haya hutokea mara mbili kwa siku, lakini si kila kujaa kunafika shambani. Maji makubwa ni yale ya bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji mafu huja katikati, kiasi cha tarehe 7 au 8 na tarehe 22 au 23 za mwezi. Hapa wakulima wetu Waislamu wana neema ambayo wengine hununua kwa fedha: kalenda ya Hijria ukutani ni jedwali la maji. Anayejua leo ni tarehe ngapi ya Rajabu anajua pia kama mfereji wake utajaa au hautajaa.

Katika Suratul Furqan, aya ya 53, Mwenyezi Mungu (s.w.t.) anatukumbusha habari ya bahari mbili zilizoachiwa zikakutana, moja tamu yenye kukata kiu na nyingine ya chumvi kali, na kati yao akaweka kizuizi. Wafasiri wameeleza mengi juu ya aya hii, nasi hatudai kuwa imeteremka kwa ajili ya Ozi. Ila anayelima pale anaishi juu ya mpaka huo. Maji ya chumvi ni mazito, hivyo hutambaa chini, na maji matamu huelea juu yake. Mama aliyetuandikia anasema hachoti maji ya kuonja mpaka mto umejaa kabisa, kisha huonja kwa ncha ya ulimi, na akihisi chumvi huziba mdomo wa mfereji kwa udongo na magunia. Hiyo ni elimu, na haikuandikwa kitabuni.

Kutokana na hili lipo jambo ambalo wachimbaji wageni hulikosea. Mtu akiona maji hayafiki shambani, wazo la kwanza ni kuuchimba mdomo wa mfereji uwe wa kina zaidi. Akiuchimba kupita sakafu yake ya zamani, ameifungulia njia ile chumvi iliyokuwa ikitambaa chini. Mdomo wahitaji kizingiti, kama mlango wa nyumba, ili yaingiayo yawe maji ya juu. Kinachopasa kutolewa ni tope lililoongezeka.

Na tope huongezeka daima. Maji ya Tana ni mekundu kwa udongo uliobebwa kutoka bara. Yakiingia mferejini huja kwa nguvu, kisha bahari inapofika kikomo cha kujaa, maji husimama kidogo kabla ya kugeuka. Katika kule kusimama udongo huzama. Yanapotoka huchukua sehemu tu ya ulioingia nao. Kila siku huacha utando mwembamba usioonekana. Baada ya miezi, mfereji uliokuwa na kina cha kiuno umebaki wa kifundo cha mguu, na magugu yameota katikati.

Kwa upande wa pili zipo kingo, nazo huliwa. Wengi hudhani kuwa ukingo hubomoka maji yanapojaa. Aghalabu hubomoka yanapokupwa. Udongo umekunywa maji ukawa mzito, na maji yaliyokuwa yakiuegemeza yameondoka kwa haraka. Ukingo hubaki umesimama peke yake na mzigo wake, kisha huteleza. Kaa wameutoboa matundu. Kiboko akipita usiku mara mbili tatu mahali pamoja, amefungua mlango, na ng'ombe wanaoteremka kunywa huupanua. Kwenye kona, upande wa nje humomonyoka na upande wa ndani hujaa mchanga, hata mfereji ulionyoka huanza kupinda kama nyoka na kula shamba la mtu.

Dawa yake si ngeni. Ukingo ukatwe kwa mteremko, usisimame wima kama ukuta. Matete na nyasi za ukingoni ziachwe, kwani mizizi yake ndiyo inayoushika udongo. Magugu ya kung'olewa ni yale ya katikati ya njia ya maji. Tumewahi kuona mifereji iliyosafishwa ikapendeza kama barabara mpya, haina hata unyasi mmoja, na mvua ya kwanza ikaishusha yote. Tope linalotolewa litupwe hatua kadhaa mbali, kwani likirundikwa ukingoni litarudi lilikotoka, na uzito wake utaushusha ukingo pamoja nalo. Haya yote ni mepesi kusema. Kuyafanya ni kazi ya mikono mingi, na hapo ndipo tunarudi kwenye mikono ni ya nani.

Kabla ya hapo, tuwasimulie kisa cha Belezoni, maana hakuna funzo la mfereji lililo kubwa kuliko hilo katika pwani yetu yote. Zamani Tana na Ozi ilikuwa mito miwili. Tana ulimwaga maji yake baharini kusini magharibi ya Kipini, katika ghuba ile ile, na Ozi ulikuwa mto mdogo wa peke yake uliopita Kau hadi Kipini. Katika karne ya 19, enzi za usultani wa Witu, ulichimbwa mfereji wa kuiunganisha mito hiyo miwili, ili vyombo vilivyobeba mazao viteremke hadi Kau na Kipini bila ya kuzunguka baharini. Ulikuwa mfereji tu, wa kupitisha mitumbwi. Lakini njia ya Ozi kuelekea baharini ilikuwa fupi zaidi, na maji hupenda njia fupi. Mafuriko yalipokuja yaliingia Belezoni yakala kingo zake, zikapanuka. Msimu uliofuata yakaingia mengi zaidi. Hatimaye mto mzima ulihama. Leo Tana unatokea Kipini, na mdomo wake wa zamani umeachiwa bahari. Waliolima kando ya mkondo wa kale walibaki na ardhi isiyo na mto, na waliokuwa kando ya Ozi walipata mto ambao hawakuuomba.

Mpunga wa Ozi leo, na barua tuliyoipokea, ni matunda ya mfereji ambao haukuangaliwa kingo zake. Mwenyezi Mungu huleta kheri katika mengi. Lakini mto uliohamia huku unaweza kuhama tena, na hilo wakulima wa delta wanalijua kuliko sisi.

Sasa tuingie katika fiqhi.

Sheria za mifereji katika vitabu vyetu hazikuandikwa na watu wasioijua bahari. Imamu al-Mawardi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, alikuwa mtu wa Basra, mji ambao mashamba yake ya mitende yalinyweshwa kwa kupwa na kujaa kama inavyonyweshwa Ozi. Watu wa pwani yetu wana huzuni yao na Basra; ni huko ambako watumwa walioitwa Zanj, wengi wakiwa wametoka upande huu wa Afrika, walifanyishwa kazi ya kuondoa tabaka la chumvi juu ya ardhi mpaka wakaasi mwaka 869. Jambo hilo lina mahali pake siku nyingine. Katika kitabu chake cha al-Ahkam as-Sultaniyya, al-Mawardi anazigawa aina za mito, na anapofika kwenye mito ya Basra anasema kwa maana kuwa wenyewe hawagombani juu ya maji, wala hawana haja ya kuyazuia, kwa sababu bahari huyapandisha hadi ardhi zote zikanywa, kisha yaliyobaki hutoka yanapokupwa.

Sheikh alisema kweli. Katika mfereji wa mlimani, wa juu humnyima wa chini, ndiyo sababu Mtume (s.a.w.) aliamua kati ya Zubeir na jirani yake wa Kiansari juu ya maji ya Harra huko Madina, kwamba Zubeir anyweshe kisha amwachie jirani. Katika ardhi ya kupwa na kujaa kesi hiyo haipo. Maji hayana bahili. Lakini amani hiyo ya maji isitudanganye: ugomvi haukuondoka, umehamia kwenye tope. Kila mtu yuko tayari kupokea maji ambayo hakuyalipia, na ni wachache walio tayari kulitoa tope lililokuja nayo.

Wanavyuoni wamelizungumza. Mto mkubwa wa watu wote, kama vile Tigrisi na Furati, gharama ya kuutengeneza ni ya Baitul Mal, yaani hazina ya umma. Mfereji unaomilikiwa na watu maalumu, gharama ni juu yao kwa kadiri ya mafungu yao. Kwa kipimo hicho, yanayohusu Mto Tana wenyewe si mzigo wa akina mama wa Ozi. Mabwawa ya umeme yaliyojengwa juu ya mto, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, yamebadilisha mtiririko wake, na mto ukipungua nguvu, chumvi hupanda. Katika miaka ya karibuni wakulima wa huko wamelia hadharani kuwa chumvi imefika mashambani. Hilo ni la Serikali kulijibu, na si haki kumwambia mama mwenye sepetu ajitahidi zaidi. Lakini mfereji unaotoka mtoni kwenda kwenye mashamba ya familia sita au saba ni wa familia hizo, nao hawawezi kungoja Nairobi.

Wanavyuoni wa Hanafi walikwenda mbali zaidi wakatofautiana kuhusu mfereji wa shirika. Imamu Abu Hanifa alisema kuwa kazi ianze juu, na ikishapita ardhi ya mtu, mtu huyo ameondokewa na gharama. Iliyobaki ni ya walio mbele yake. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, walisema gharama ni ya wote tangu mwanzo hadi mwisho. Sisi ni watu wa Shafi, lakini tunaitaja khitilafu hii kwa kuwa mfereji wa bahari una hoja yake ndani yake. Mwenye shamba karibu na mdomo atasema: mimi maji yananifikia, tope la ndani halinihusu. Anakosea, na atauona ushahidi kwenye mdomo wake mwenyewe. Kinachousafisha mdomo wa mfereji ni nguvu ya maji yanayotoka wakati wa kupwa, na nguvu hiyo hutokana na wingi wa maji yaliyoingia hadi ndani kabisa. Sehemu ya ndani ikijaa tope, yanayoingia huwa machache, yanayotoka huwa dhaifu, na mdomo nao huanza kuziba. Katika mfereji ambao maji huingia na kutoka kwa mlango mmoja, hakuna aliye juu wala aliye chini.

Tufike kwa mama yetu na kaka zake. Shamba limerithiwa na wana wawili wa kiume na binti mmoja, basi ni mafungu matano: kila kaka mawili, na dada moja. Wengi hulikumbuka hesabu hii siku ya kugawana. Na gharama ya kitu cha shirika hufuata umiliki. Aliyepokea mafungu mawili ya shamba amepokea na mafungu mawili ya tope. Ikiwa kuzibua sehemu yao ya mfereji kunahitaji siku kumi za kibarua, siku nne ni za kaka mkubwa, siku nne ni za kaka mdogo, na mbili ni za dada. Kukaa kwake karibu na mfereji hakumwongezei fungu, na kukaa kwao Mombasa hakuwapunguzii.

Hata hivyo, hatutaki kumpa mama yetu matumaini ambayo kadhi hatamtimizia. Kwa kauli mpya ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo inayotegemewa, mshirika halazimishwi kukitengeneza kitu cha shirika kilichoharibika, na aliyetengeneza bila ya idhini ya mwenzake huhesabiwa amejitolea, hawezi kudai. Kwa hiyo kazi ya miaka iliyopita imekwenda kwa Mola wake, ambaye hapotezi malipo. Imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kuwa kupitisha mto au mfereji ni miongoni mwa mambo ambayo thawabu zake humfikia mtu akiwa kaburini. Lakini thawabu za dada si ruhusa ya kaka kustarehe. Sheria kutomlazimisha mtu haimaanishi kuwa dhamiri imemwachia. Na anayekula mpunga wa mfereji ambao hajawahi kuuliza umezibuliwa na nani, aketi na nafsi yake kabla ya kuketi mbele ya sinia.

Kwa miaka ijayo njia ipo, nayo ni mapatano kabla ya kazi. Mama yetu awaite kaka zake, kwa simu ikibidi, mbele ya mashahidi wawili na mzee wa familia. Waandike katika daftari: urefu wa mfereji ulio juu ya shamba lao, siku za kazi, ujira wa kibarua, na fungu la kila mmoja. Asiyeweza kuja atume fedha kwa simu kabla ya maji mafu ya mwezi wa kazi. Kazi hupangwa wakati wa maji mafu, kwani ndipo mfereji hubaki mtupu kwa muda mrefu zaidi na ukingo haushambuliwi kabla haujatulia. Wakishapatana, kinacholipwa na mmoja kwa niaba ya mwenziwe huwa ni deni, na deni hukatwa mavunoni kabla ya magunia kupakiwa garini. Asiyetaka kugharamika aseme wazi, amwachie dada ardhi kwa mkataba, au auze fungu lake kwa nduguye. Kunyamaza na kungoja gunia si mojawapo ya milango ya fiqhi tunayoijua.

Na majirani wa mfereji mmoja wafanye vivyo hivyo kwa pamoja: daftari moja, siku moja, wote kutoka mdomoni hadi mwisho. Mjane asiye na nguvu wala fedha asipigiwe hesabu. Fungu lake ligawanywe kwa wenzake.

Limebaki jambo la zaka, ambalo mama yetu aliliuliza mwishoni mwa barua. Mpunga ulionyweshwa kwa mfereji zaka yake ni fungu kamili la kumi, kama wa mvua. Imamu Nawawi ameeleza kuwa mifereji ni kama mvua kwa kauli sahihi, kwa sababu gharama ya kuichimba huhesabiwa ni ya kuitengeneza ardhi, si ya kuyateka maji. Basi jasho la kuzibua haliipunguzi zaka, ingawa tunajua ni jasho. Ulionyweshwa kwa pampu kutokana na mto kupungua ni nusu ya fungu la kumi. Ikiwa mpunga ulikua nusu ya muda wake kwa maji ya kujaa na nusu kwa pampu, ni robo tatu ya fungu la kumi, yaani kilo saba na nusu katika kila kilo mia. Nisabu ya mpunga unaowekwa na maganda yake ni wasaki 10, nayo hupimwa kwa mavuno ya kila mrithi au kwa shirika lao lote, kutegemea kama wamechanganya mali zao au wamegawana. Wallahu aalam.